Mstari wa Juu

Kwetu Usukumani ushirika ulianzia kwenye mizani. Wakulima wa pamba walichoka kupunjwa uzito na wanunuzi, wakaweka wapimaji wao wenyewe. Katika juhudi hizo, mwaka 1955, lilizaliwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, makao yake Mwanza, chini ya Paul Bomani ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha. Baba yangu alilitaja Shirikisho kama mtu anayetaja ng'ombe wake.

Lakini mizani huonekana kwa macho. Hesabu imo daftarini. Pamba ikipita kinuni, nyuzi ni kama theluthi moja tu ya uzito wake, na kila hatua ina gharama. Makato yalilalamikiwa sana, na mwaka 1966 serikali iliunda tume kuchunguza vyama vya ushirika.

Mimi jambo hili nilifundishwa kwa aibu. Mwaka 1987 chama cha msingi cha kijijini kwetu, wilayani Magu, kiliniomba niusomee mkutano taarifa ya mapato na matumizi, kwa kuwa ni mwalimu. Nikasoma mstari wa juu, mauzo, kwa sauti ya darasani. Watu wakapiga makofi. Baba akasimama.

"Mwalimu, hicho ndicho kilichoingia. Malipo yetu ya pili yako wapi?"

Sikuwa na jibu.

Usiku ule tuliketi na karatasi mbele ya koroboi. Katika mauzo tukatoa malipo ya wakulima, magunia na malori; iliyobaki ndiyo faida ghafi. Tukashuka: mishahara, posho za vikao (hapo baba alicheka peke yake), riba ya benki, uchakavu wa lori ambalo, kwa kweli, lilikuwa limekwisha kufa. Chini kabisa ilibaki ziada ndogo. Hata hiyo haikuwamo kashani, kwa maana mauzo huandikwa pamba inapokabidhiwa, ijapokuwa mnunuzi hajalipa.

"Kumbe tumegawiwa deni," baba akasema.

Mkutano uliofuata nilianza kusoma kutoka chini. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Waliuliza posho ni za nani, nani anadaiwa na tangu lini, na giza likatukuta tungali tumeketi chini ya mwembe.