Kutoka Reni hadi Owino Uhuru: yoga na wanawake waliotetea miti na hewa

Asubuhi, kabla jua halijawa kali, mikeka ya yoga hutandikwa ufuoni Shanzu, Mombasa, kwa ajili ya wageni wa hoteli. Mwalimu huwaambia wakae wima, wafumbe macho, wavute pumzi kwa pua na kuitoa polepole. Wakaazi wanaopita kwenda kazini wameshazoea, na wengi huichukulia yoga kuwa starehe ya watalii. Lakini ukiifuatilia historia yake, utakutana na mambo ambayo wanawake wa Pwani wameyapigania kwa jasho na machozi: msitu, hewa na afya ya watoto.

Katika Yoga Sutra, maandiko ya kale ya Kihindi yanayonasibishwa na Patanjali, yoga ina viungo vinane. Mikao ya mwili ni kiungo cha tatu, na pumzi ni cha nne. Cha kwanza ni miiko ya kuishi na wengine, na mwiko unaotangulia yote ni ahimsa, yaani kutodhuru. Wa tano unakataza kujilimbikizia mali. Kwa mpangilio huo, anayeanza na mikao na kuishia hapo ameiruka hatua ya kwanza.

Mohandas Gandhi, aliyetia nanga Lamu, Mombasa na Zanzibar mwaka 1893 akielekea Afrika Kusini, baadaye aliigeuza ahimsa kuwa silaha ya siasa. Miongoni mwa wafuasi wake walikuwamo wanawake wawili kutoka Uingereza. Madeleine Slade, aliyeitwa Mirabehn, alianzisha makazi ya Pashulok karibu na Rishikesh, mji ambao leo dunia nzima inaufahamu kwa yoga. Aliona mafuriko yakizidi na misonobari ikichukua nafasi ya mialoni iliyokuwa ikihifadhi maji mlimani, akaandika kuonya. Catherine Mary Heilman, au Sarala Behn, alifungua shule ya wasichana wa vijijini huko Kausani mwaka 1946. Mmoja wa waliopitia mikononi mwake ni Vimla Bahuguna, ambaye pamoja na mumewe Sunderlal wakawa nguzo za harakati ya Chipko, ya kuikumbatia miti isikatwe.

Tarehe 26 Machi 1974, wanaume wa kijiji cha Reni, kwenye milima hiyohiyo, yaani Himalaya ya India, walikuwa wameitwa mjini Chamoli kuhusu fidia ya ardhi. Wakataji miti wakaona mwanya. Msichana aliyewaona wakipanda mlimani alikimbia kumpasha habari Gaura Devi, mjane aliyeongoza kikundi cha kina mama. Gaura akatoka na wanawake na wasichana 27. Alielekezewa bunduki, asirudi nyuma. Aliwaambia wakataji wale kwamba msitu ule ni nyumbani kwa mama wa wanakijiji, maana ndio uliowapa kuni, malisho na dawa, na ukikatwa mlima utaporomoka juu ya nyumba zao. Wakakesha wakiilinda miti hadi wakataji wakakata tamaa na kuondoka.

Mwaka huohuo wa 1974, Mfaransa Françoise d'Eaubonne alichapisha kitabu kilichoipa jina la ekofeminizimu fikra hii: mkono unaomkandamiza mwanamke na mkono unaoipora ardhi ni mmoja. Mwaka 1993 Mhindi Vandana Shiva na Mjerumani Maria Mies waliitungia fikra hiyo kitabu kizima. Shiva aliijenga hoja yake juu ya wanawake wa Chipko. Kisima kikikauka, ndiye mwanamke anayeongezewa safari ya maji. Msitu ukiisha, ndiye anayebeba kuni kutoka mbali.

Pwani yetu haikungoja kitabu. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alipita vijiji vya Wagiriama akicheza kifudu, ngoma ya msibani, ili awakusanye watu wapinge kodi na kazi za kulazimishwa. Walikula kiapo Kaya Fungo, ndani ya msitu wao mtakatifu. Waingereza wakamhamishia Kisii, na mwaka 1914 wakailipua kaya kwa baruti. Mekatilili hakufundishwa yoga na mtu yeyote. Hata hivyo aliujua ukweli ambao Gaura Devi aliujua: mwili wa mtu na ardhi inayomlisha havitengani. Ukweli huo ndio uliomwongoza Profesa Wangari Maathai kuanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, akiwapa kina mama wa vijijini miche waipande wenyewe.

Ukitaka kuuona ukweli huo kwa karibu, nenda upande wa Changamwe, hukohuko Mombasa. Mwaka 2009 Bi Phyllis Omido aliajiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichopakana na kijiji cha Owino Uhuru. Mtoto wake mchanga akaanza kuugua, na madaktari wasijue ugonjwa. Hatimaye vipimo vya damu vilionyesha madini ya risasi, na mama akaelezwa kwamba huenda sumu ilipitia kwenye maziwa yake. Aliacha kazi. Watoto wa majirani walipopimwa, nao wakakutwa na sumu ileile. Bi Omido aliandamana, akakamatwa mwaka 2012, hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata akatunukiwa Tuzo ya Goldman. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Owino Uhuru, kuvuta pumzi ndefu kulikuwa kuingiza sumu mwilini. Kwa hiyo yoga haiwezi kuwa jambo la mtu mmoja na mkeka wake. Pumzi anayoihesabu mgeni wa Shanzu inatoka katika hewa ileile ya Mombasa ambayo mama wa Changamwe alilazimika kuidai mahakamani.

Juni 5 tunaadhimisha Siku ya Mazingira, na Juni 21 Siku ya Yoga, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2014. Wanaofundisha na kujifunza yoga Shanzu waziunganishe siku hizo mbili. Waulize majitaka ya hoteli yanaishia wapi, taka za ufuo zinachomwa wapi, na moshi wake unavutwa na watoto wa nani. Maswali hayo ni sehemu ya kiungo cha kwanza cha yoga, na yanapaswa kuulizwa kabla ya mkao wowote.