Kazi ya Kuhesabu Miezi: Kutoka Manamba hadi Kambini



Kila unapokaribia mwezi wa Desemba, hapa Munanila na katika vilima vyote vinavyoelekea Kasulu na Kibondo, huanza msimu ambao haumo katika kalenda ya wakulima wala katika kalenda ya Liturujia. Ni msimu wa mikataba. Walinzi, madereva, wauguzi, wakalimani, watunza ghala na wahudumu wa maji wanaofanya kazi katika kambi za wakimbizi husubiri kuambiwa kama watarudi kazini Januari. Wengine huambiwa mapema, wengine siku ya mwisho kabisa. Wapo pia wasioambiwa lolote, na hao hulazimika kuelewa wenyewe kutokana na ule ukimya.

Baba mmoja wa familia, ambaye ametupa ruhusa ya kumsimulia bila kumtaja, alimaliza mkataba wake na shirika moja na hakuitwa tena. Kwa muda wa majuma matano aliendelea kuamka saa kumi na moja alfajiri, akavaa kitambulisho chake shingoni, akamuaga mkewe na kuondoka. Alikuwa akienda kukaa katika duka la ndugu yake hadi jioni. Alipotujia hakuwa na shida ya fedha bado, kwani alikuwa na akiba kidogo. Shida yake, kama alivyoieleza, ilikuwa kwamba hajui aingie nyumbani akiwa nani.

Tumelitafakari neno lake hilo kwa muda mrefu. Tukaona kwamba ili kulielewa yatupasa kurudi nyuma, maana si yeye wa kwanza katika nchi hii ya Buha kuwa na kazi inayohesabiwa kwa miezi. Babu zake waliijua sana.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na pamoja na reli ikaja njia rahisi ya kuwachukua vijana wetu kuwapeleka pwani. Mkonge ulikuwa umeletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche iliyonusurika safari ile ndefu kutoka Florida ilikuwa michache mno, sitini na ushei tu. Lakini kutokana na hiyo mashamba yalienea Tanga, Korogwe, Muheza na Morogoro. Mashamba yalihitaji mikono, na serikali ya kikoloni ilihitaji kodi ya fedha taslimu. Kwa kuwa Buha ilikuwa mbali na masoko, na mazao ya kuuza yalikuwa machache, kilichouzika kwa urahisi ni nguvu za kijana. Baada ya chombo cha kuandikisha vibarua kilichoitwa SILABU kuanzishwa na wenye mashamba ya mkonge mwaka 1944, uandikishaji ukawa na utaratibu: kijana anapimwa afya, anaandikwa, anapandishwa garimoshi, na muda wake ukiisha anarudishwa kwao.

Huyo ndiye aliyeitwa manamba, neno lililotokana na namba aliyopewa. Kwa Waha neno hili lina uchungu wake hadi leo; bado wapo wanaolitumia kumdhihaki mtu wa Kigoma. Manamba alikata majani ya mkonge na kuyafunga mafungu kwa hesabu, majani yakapelekwa kwenye mashine ya kusindika iliyoitwa korona. (Vijana wetu wakilisikia jina hilo leo hufikiri habari za ugonjwa wa mwaka 2020, wazee wao husikia kelele za mashine.) Siku yake ya kazi iliandikwa katika kipande, yaani kadi, na siku ambayo hakumaliza kipimo chake haikuhesabiwa. Kadi ya siku thelathini ingeweza kumchukua muda mrefu zaidi ya mwezi kuijaza.

Hatusemi haya ili kuupamba utumwa ule wa nusu. Hata hivyo, katika mazungumzo na wazee waliosimuliwa na baba zao, tumegundua jambo ambalo hatukulitarajia. Manamba alidharauliwa, alichoka, na wakati mwingine aliugua na kufia mbali. Lakini alijua siku zake. Aliweza kuhesabu kwamba zimebaki kadi ngapi kabla ya kurudi. Tena hakwenda peke yake. Walitoka kilima kimoja, wakalala kambi moja ya shamba, na aliyeshindwa kumaliza kipimo alikuwa na mtu wa kumsaidia na wa kumcheka pia. Na huku nyumbani shamba halikufa, kwa sababu mke na mama walilima. Mzigo huo wa wanawake haukuandikwa katika kipande chochote, na kwa maoni yetu historia ya mkonge haijaeleweka mpaka usimuliwe pamoja na jembe lililobaki Buha.

Kisha kazi ile nayo ikaisha. Mnamo mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha takribani tani 230,000 za mkonge, kiasi ambacho hakijafikiwa tena. Bei ikaanguka, nyuzi za plastiki zikaingia sokoni, mashamba yakapunguza watu. Kwa kuwa mishahara ya kima cha chini ilikuwa imepanda baada ya Uhuru, wenye mashamba walipendelea watu wachache wa kudumu, wala si maelfu wa kuletwa kutoka mbali. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 sehemu kubwa ya mashamba ikawa mali ya umma, lakini anguko halikusimama. Kufikia miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi sehemu ndogo tu ya ule wa 1964. Waha wengi hawakurudi. Uzao wao uko Korogwe na Muheza hadi leo, wakiwa wenyeji wa huko. Waliorudi walirudi katika vilima vyenye kahawa, migomba na maharage, na wengi wakakuta nafasi yao imekwisha kuzoeleka kuwa tupu. Hilo la mwisho ni gumu kulisema, lakini wake zao walilisema.

Tuipite haraka miaka iliyofuata, si kwa sababu haikuwa na machozi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na wafanyakazi wa reli, bandari na posta wakajikuta waajiriwa wa kitu kisichokuwapo tena. Madai ya wazee wale yaliendelea mahakamani na barabarani hadi karne hii. Kuanzia mwaka 1993 serikali ilifanya mageuzi ya utumishi, na makumi ya maelfu ya watumishi wakapunguzwa. Karani aliyezoea kuitwa mheshimiwa alirudi kijijini na sanduku, na watoto wakaambiwa wasimuulize.

Katika mwaka uo huo wa 1993, tarehe 21 Oktoba, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na watu wakavuka mpaka kwa maelfu mengi. Mwaka 1996 vita vya Kongo vikaleta wengine kupitia Ziwa Tanganyika, ikafunguliwa Nyarugusu. Mtabila, Muyovosi, Nduta, Kanembwa, Mtendeli, Lugufu: majina haya kwa ulimwengu ni majina ya mateso ya wakimbizi, na ndivyo yalivyo. Kwa mkoa wetu yalikuwa pia majina ya ajira. Twapaswa kusema kwa unyofu kwamba kijana aliyemaliza kidato cha nne wakati ule hakuwa na mwajiri mkubwa kuliko msiba wa jirani yake.

Hapo ndipo palipo fumbo lenye kuumiza dhamiri. Mkimbizi anaomba amani ili arudi kwao, na mlinzi wa ghala anajua kwamba amani hiyo ikija, mshahara wake unakwenda. Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012. Kisha machafuko ya Burundi ya mwaka 2015 yakaleta watu zaidi ya 100,000 kabla ya mwaka kwisha. Nduta ikafunguliwa tena, na Mtendeli ikafuata mwanzoni mwa 2016. Mtendeli nayo ikafungwa mwishoni mwa 2021. Mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na shirika lake la misaada, USAID, likafungwa rasmi tarehe 1 Julai mwaka huo. Mashirika yanayohudumia wakimbizi duniani kote yakapunguza maelfu ya wafanyakazi. Kalamu iliyosainiwa Washington ilifuta kazi ya mpishi wa Kibondo ambaye hakuna aliyemjua huko. Mama mmoja alituuliza kama kuna dhambi katika kutopenda kambi ifungwe. Tulimjibu kwamba kuogopa njaa ya watoto si dhambi, bali asiache kuwatazama wakimbizi usoni. Hatuna hakika kama jibu letu lilitosha.

Sasa turudi kwa yule baba mwenye kitambulisho. Mwaka 1933 watafiti watatu, Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, walitoa kitabu kuhusu kijiji cha Marienthal nchini Austria, ambako kiwanda cha nguo kilikuwa kimefungwa na karibu kila nyumba ikakosa kazi. Mtu angedhani kwamba wenye nafasi nyingi watasoma zaidi. Kumbe vitabu vilivyoazimwa katika maktaba vilipungua. Watafiti walipima hata mwendo wa watu barabarani, wakaona wanaume wanatembea polepole na kusimamasimama njiani, ilhali wanawake, ambao kazi ya nyumbani haikuwa imefungwa, walitembea upesi. Tulipoyasoma haya tuliiona barabara ya kwetu. Wataalamu waliokuja baadaye wameonyesha kwamba kule kungoja tu, kabla hata barua haijaja, kunaweza kuudhoofisha mwili na roho kama kuipokea barua yenyewe. Usingizi hukatika, hasira huwaangukia watoto, na pombe ya ndizi hunywewa asubuhi.

Kwa hiyo tunapoulizwa tufanye nini wakati wa kungoja, hatuanzi na maneno ya kutia moyo. Twaanza na tarehe. Mkataba unaisha lini? Akiba inatosha majuma mangapi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa, aeleze sababu na kushauriana nao. Inaweka kiinua mgongo cha angalau mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka kumi, kwa aliyetimiza mwaka kazini. Na inatambua kwamba kutoongezewa mkataba kunaweza kuwa kuachishwa isivyo haki, endapo palikuwa na matarajio ya haki ya kuongezewa. Anayedai ameachishwa isivyo haki ana siku 30 kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Tumewaona watu wakilala usingizi baada ya kuyajua haya, hata kabla ya kupata shilingi. Manamba alikuwa na kadi ya kuhesabia. Hawa nao wanahitaji kitu cha kuhesabu.

La pili ni kutoka peke yake. Tumeomba jumuiya ndogo ndogo zisingoje mtu atangaze kufukuzwa ndipo zimtembelee. Katika jumuiya moja wanaume saba walikubaliana kuambiana ukweli wa mikataba yao kila Jumamosi kabla ya sala, na kulima kwa zamu mashamba yao ya maharage, mwenye kazi na asiye na kazi. Hakuna aliyetajirika. Mmoja alisema tu kwamba jembe humpa mtu pa kuwapo saa mbili asubuhi.

Na kuna neno ambalo halitapendwa na wote. Katika mashamba hayo hayo ya Munanila wamo vibarua kutoka ng'ambo ya mpaka, Warundi wanaolima kwa ujira wa siku na kuambiwa jioni kama kesho waje au wasije. Wengine walifukuzwa na njaa, na wengine waliondolewa kwa nguvu katika operesheni ya mwaka 2013 kisha wakarejea kimyakimya. Twajua nyumba ambazo ujira wao hucheleweshwa kwa sababu hawana pa kushtaki. Mjukuu wa manamba anayeikasirikia barua ya shirika na afikirie pia jinsi anavyomwambia kibarua wake wa kahawa kwamba kazi imekwisha.

Yule baba alimwambia mkewe siku ya Jumapili, baada ya Misa ya pili. Alikuwa ameandaa maneno mengi, na alituomba tuwepo. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema alijua tangu juma la pili, kwa sababu nguo za kazi zilikuwa zinarudi bila vumbi la kambini. Hakutaka kumwaibisha. Kwa majuma matatu alikuwa amepunguza sukari na mafuta bila kusema, akingoja mumewe aseme mwenyewe. Kisha akamuuliza kama kitambulisho kile kinatakiwa kurudishwa ofisini au wanaweza kumpa mtoto wao mdogo achezee ile kamba.