Profesa wa Ndege

Kwa miaka mingi elimu ya juu ya Goma, mashariki mwa Kongo, ilishuka uwanja wa ndege ikiwa na begi mkononi. Profesa mgeni alitoka Kisangani, Kinshasa au Lubumbashi, akalala wiki moja mjini, akalimaliza somo la saa 45 kwa kufundisha asubuhi hadi jioni, akatunga mtihani huku akili yake iko kwenye ndege ya kurudi. Anayesema leo kwamba masomo ya mbali ni jambo geni hapa namwonea huruma kidogo. Goma imesoma kwa mbali tangu zamani, ila aliyekuwa akisafiri ni mwalimu.

Chuo Kikuu cha Goma, UNIGOM, chenyewe kilizaliwa mwaka 1993 kama tawi la Chuo Kikuu cha Kisangani, na kikajitegemea mwaka 2004. ULPGL, chuo cha Waprotestanti, kilikuwa kimetangulia mwaka 1985. Katikati ya miaka hiyo palipita wakimbizi wa Rwanda wa 1994, pakapita vita, na tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ikakata mji vipande na kuwaacha watu wapatao 120,000 bila nyumba.

Lakini ipo sehemu moja ya masomo ambayo profesa wa ndege hakuigusa: staji, yaani mafunzo ya kazini. Mwanafunzi alipewa barua yenye muhuri, akaenda nayo benki, hospitali, ofisi ya serikali au kwenye shirika la misaada, na mashirika hayo Goma haikuwa na uhaba nayo. Alikaa huko mwezi au zaidi, akarudi na alama zake ndani ya bahasha iliyofungwa, pamoja na ripoti ambayo, tuseme ukweli, kurasa zake za kwanza mara nyingi zilikuwa zilezile za mwenzake wa mwaka jana. Msimamizi kutoka chuoni alipita mara moja, au hakupita kabisa.

Wazo la kuchanganya kazi na masomo lina umri mkubwa. Mwaka 1906, katika Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, Herman Schneider alianza na wanafunzi 27 wa uhandisi waliopokezana kati ya darasa na kiwanda. Jambo la maana alilofanya, na ambalo wengi waliomwiga walilisahau, ni kuweka waratibu: walimu waliokwenda kiwandani kumwona kijana akiwa kwenye mashine, kisha wakarudi darasani kuunganisha alichofanya na alichofundishwa. Alijua kwamba kazi peke yake haimfundishi mtu. Lazima awepo wa kumuuliza amefanya nini na kwa nini.

Kwetu swali hilo aliachiwa asistenti. Na asistenti ni nani? Mwalimu wa sekondari hupitia ISP, chuo cha ualimu, akasomea kufundisha. Asistenti wa chuo kikuu huchaguliwa kwa sababu alikuwa na alama nzuri, hupewa chaki, na akichapisha makala zake hupanda kuwa CT (chef de travaux), kisha akaenda kutafuta udaktari. Katika ngazi hizo zote ni nadra aulizwe kama anajua kufundisha, sembuse kusimamia mtu asiyemwona.

Majirani walianza mapema kufundisha kwa mbali. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992. Mradi wa IFADEM wa nchi zinazotumia Kifaransa, ulioanzia nchi chache ikiwemo Burundi na baadaye kufika Katanga, ulimwacha mwalimu wa shule ya msingi kazini kwake, vitabu na mkufunzi vikamfuata hukohuko. Mwaka 2017 mradi mwingine, PEBL, ulianza kuwafundisha wahadhiri wa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda namna ya kutengeneza masomo ya mtandaoni. Gisenyi, upande wa Rwanda, ni mwendo wa miguu ukishavuka mpaka wa Grande Barrière. Mradi huo haukuvuka: ulikuwa wa vyuo vya Jumuiya ya Madola, na Kongo haimo.

Kisha ikaja Machi 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 10, na siku nane baadaye ikaamriwa vyuo vifungwe. Walimu wakakimbilia WhatsApp, wakatuma PDF na sauti, wanafunzi wakachangishana pesa za mega, yaani za intaneti. Kutuma PDF ni kutuma PDF. Mwaka uliofuata, tarehe 22 Mei, Nyiragongo ikalipuka tena, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama.

Kilichogusa staji hasa ni mageuzi ya LMD (licence, master, doctorat), yaliyosukumwa na waziri wa elimu ya juu wa wakati huo, Muhindo Nzangi, mwana wa Kivu Kaskazini, kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022. Mwaka mmoja ukawa krediti 60, shahada ya kwanza krediti 180, na krediti huhesabu jasho la mwanafunzi, si saa za profesa ubaoni peke yake. Kwa hiyo staji nayo inadai mpango. Asistenti anapaswa kuandika kabla mwanafunzi hajaondoka atakachojifunza na kitakachothibitisha kwamba amejifunza: daftari la kila siku kwa sauti fupi, maana video hula mega, picha ya kazi isiyoonyesha uso wa mgonjwa, mazungumzo ya watu watatu kila wiki, mwanafunzi, bosi wake na mwalimu. Na ajizuie kutoa alama kabla ya kuuliza. Hilo la mwisho ndilo gumu zaidi kwa mtu aliyelelewa na ubao.

Tarehe 27 Januari 2025 waasi wa M23 waliingia mjini. Uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafunga milango. Profesa wa Kinshasa akakosa pa kushuka, na mwanafunzi wa fedha, barua yake ya staji mkononi, akakuta geti lina kufuli. Pesa zilikuwa zimehamia kwenye simu na vibanda vya mawakala. Asistenti anayetaka kumwona mwanafunzi huyo akifanya kazi itabidi ampeleke kwa wakala wa soko la Virunga, na jioni, umeme ukiwepo, amtumie sauti: leo hesabu yenu imefungwa sawa? Ilikosewa wapi?