Goti la Mtumikiaji wa Misa

Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misioni ya Bagamoyo mwaka 1868, mkuu wao akiwa Padre Antoine Horner. Wengi katika watoto waliolelewa pale walikuwa wamekombolewa utumwani, wengine katika soko la Unguja, lile lililofungwa mwaka 1873. Watoto hao kuinama walikujua sana, kwa maana walikuwa wameinamishwa kwa nguvu. Basi aliyetaka kuwafundisha kupiga goti mbele ya altare alikuwa na kazi si ndogo: kuwaonyesha goti la mtu huru, lipigwalo kwa mapenzi. Wala tusifiche ya kuwa nidhamu ya misioni nayo ilikuwa kali. Lakini altareni Padre mwenyewe, aliyetoa fedha za kuwakomboa, alipiga goti lile lile mbele ya macho yao.

Siku zile Misa ilisomwa kwa Kilatini, kwa kufuata Misale ya Papa Pius V ya mwaka 1570, na Padre alitakiwa kuwa na mtu wa kumjibu. Mtumikiaji alijibu kwa niaba ya watu wote, kwa lugha ambayo wengi wao hawakuielewa. Kwa hiyo watu walimtazama. Alipoinama sana akisema Konfiteor, akajipiga kifua mara tatu, hata bibi kizee aliyekuwa nyuma kabisa alijua kwamba huo ndio wakati wa kujuta dhambi. Wakati wa Mageuzo alipiga magoti nyuma ya Padre, akainua pindo la kasula kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akapiga kengele. Taratibu, maana kengele ile si ya kuwaita watu shambani.

Viganja viliunganishwa mbele ya kifua, kidole gumba cha kulia kikilala juu ya kile cha kushoto kwa mfano wa msalaba. Goti la kulia lilishuka hata likagusa sakafu karibu na kisigino cha kushoto, mgongo ukiwa wima. Mbele ya Sakramenti Takatifu iliyowekwa wazi yalipigwa magoti yote mawili. Tangu kanuni za mwaka 1973 goti moja latosha. Nusu goti, la mtu mwenye haraka, ndilo lililowaudhi walimu, nami naona walikuwa na haki.

Mtaguso wa Pili wa Vatikani, tarehe 4 Desemba 1963, ulitamka kwamba watumikiaji wanatimiza huduma ya kweli ya liturjia. Baadaye majibu yakarudi vinywani mwa waamini wote, kwa Kiswahili, na wako waliodhani kwamba mtumikiaji amenyang'anywa kazi yake. Maneno kweli yalimpungukia. Mikono, macho na magoti alibaki nayo, na watu hawakuacha kumtazama. Mwaka 1994 Roma ikawajulisha Maaskofu kwamba waweza kuwaruhusu wasichana pia. Nao hufundishwa goti lile lile la kulia, hata liguse sakafu.