Maisha ya wazee kituoni: tunayapima namna gani?

Tukiingia katika nyumba ya kutunzia wazee, Kasongo ao Kabambare, mara nyingi tunahesabu vitanda, magodoro na vyandarua. Ni lazima. Lakini mzee anaweza kulala pazuri na kuishi vibaya.

Kwa Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS), ubora wa maisha ni namna mtu mwenyewe anavyoona hali yake, kufuatana na desturi za kwao na matazamio yake. Basi mkubwa wa kituo hawezi kumjibia. Fomu ya wazee, WHOQOL-OLD, ina maulizo 24, kila jibu alama 1 mpaka 5. Inagusa kuona na kusikia, uhuru wa kuamua, aliyotimiza na anayotumainia, kushirikiana na wengine, upendo wa karibu, na kifo.

Maulizo yasomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, ao Kibangubangu kwa mzee wa Kabambare aliyekizoea. Wafanyakazi wasiwe karibu: nani atamsema vibaya anayemletea bugali na sombe?

Juu ya kifo tusipite haraka. Mzee ambaye vita vilimtenga na jamaa yake anaweza kusumbuka kuliko yote kwa jambo hili: nani atamzika, na wapi? Tena Kasongo, mji wa zamani wa Tippu Tip, una Waislamu. Mwislamu akikaa katika nyumba ya kanisa, tumwulize kama anapata nafasi ya kusali, na anataka azikwe namna gani. Jibu liandikwe angali anasema, pamoja na jina la mtu wa kuitwa.