Takrima: Ukarimu Uliogeuzwa

Asili ya neno "takrima" ni Kiarabu, na kwa Waswahili ni ukarimu anaofanyiwa mgeni. Mwaka 2000 Bunge la Tanzania liliingiza dhana hiyo katika Sheria ya Uchaguzi: alichotoa mgombea kwa nia njema, kama ukarimu wa kawaida au wa kijadi, hakikuhesabiwa rushwa. Hapo ndipo ninapoona hila. Kijadi mwenyeji ndiye humkirimu mgeni. Hapa mgeni aliyekuja kuomba kura ndiye aliyemlisha mwenyeji. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu hivyo, kwa kuwa vilikiuka Katiba na kumbagua mgombea asiye na mali. Vifungu vimekwisha, lakini kila uchaguzi nasikia majina mengine: chai, soda, nauli. Tuyakatae, tuseme rushwa.