Kanisa Kuu la Kristo, Zanzibar: sanaa na imani

Kanisa Kuu la Kristo ni kanisa la Kianglikana lililoko Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Askofu Edward Steere alianza kulijenga mwaka 1873, mwaka ule ule lilipofungwa soko la watumwa lililokuwa hapo. Sanaa yake haitegemei dhahabu wala wingi wa picha. Nguvu yake imo katika mahali kila kitu kilipowekwa. Sakafuni penye altare kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu. Kwa mapokeo ya kanisa, hapo ndipo ulipokuwa mti waliofungiwa watumwa na kuchapwa viboko. Anayekwenda kupokea komunyo huliona, na mateso ya Kristo humjia yakiwa na sura za watu waliouzwa papo hapo. Ni mahubiri machache tu yanayofikia uzito huo. Ndani umo pia msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, ulikozikwa moyo wa David Livingstone, mmisionari aliyepinga biashara ya watumwa. Nje, sanamu za Clara Sörnäs za mwaka 1998 zinaonyesha watumwa shimoni, minyororo halisi shingoni. Hizo humtaka mtazamaji akiri kwanza kilichotendeka, ndipo asali. Steere, aliyefariki mwaka 1882, amezikwa nyuma ya altare.